Ardhi ya umma milimani Upare: maoni ya wananchi yatangulie alama za mipaka

Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, ni miongoni mwa wilaya ambazo mwananchi anaweza, ndani ya safari ya siku moja, kupita katika ardhi ya kijiji, msitu wa hifadhi na hifadhi ya wanyamapori. Kata ya Bombo, iliyoko katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Pare Kusini, inalionesha jambo hilo vizuri. Juu yake milima inapanda kuelekea Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Chome, penye kilele cha Shengena. Chini yake yako mashamba ya mpunga na mahindi ya Maore na Ndungu, na mbele ya tambarare hiyo inaanza Hifadhi ya Taifa Mkomazi.

Katika eneo la namna hii, mpango wa usimamizi wa ardhi ya umma unagusa maisha ya kila siku ya kaya. Ndio unaoeleza wapi patalimwa, wapi patachungwa, chanzo kipi cha maji kitazungushiwa miti, njia ipi itaendelea kutumika kufuata kuni, na nani atatozwa faini akivuka mpaka. Kwa sababu hiyo sheria za nchi zinataka wananchi washirikishwe kabla mpango haujaidhinishwa.

Pamoja na hayo, uzoefu wa maeneo mengi nchini unaonesha kwamba sauti za wananchi husikika kwa wingi zaidi baada ya alama za mipaka kusimikwa kuliko wakati rasimu ikiwa bado mezani. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni kubwa. Kinachosemwa kabla ya saini kinaweza kubadilisha mstari kwenye ramani kwa gharama ya mkutano mmoja. Kinachosemwa baada ya saini huwa ni lalamiko, na lalamiko la ardhi linaweza kudumu kwa miaka.

Ardhi ya umma ni ipi?

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaeleza kuwa ardhi yote nchini ni ya umma, na kwamba Rais anaishikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa madhumuni ya usimamizi, ardhi hiyo imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Kila kundi lina msimamizi wake na utaratibu wake wa kupanga.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo inaitaka Halmashauri ya Kijiji kusimamia ardhi kama mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya wanufaika wake, na haiiruhusu kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndani ya ardhi hiyo yamo maeneo ya kaya na koo, maeneo ya pamoja kama malisho na misitu ya kijiji, pamoja na maeneo yaliyowekwa akiba kwa matumizi ya baadaye.

Ardhi ya hifadhi ipo chini ya sheria za kisekta. Misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na hifadhi za Taifa zinasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Vyanzo vya maji vya ukanda huu vinaangaliwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Mwananchi wa Bombo anaweza hivyo kujikuta jirani wa mamlaka tatu au nne, kila moja ikiwa na mpango wake, ramani yake na ratiba yake ya vikao.

Hapo ndipo ilipo changamoto ya kwanza. Mipango huandikwa kwa kufuata mipaka ya taasisi, ilhali maji, udongo na mifugo havifuati mipaka hiyo.

Maji ndiyo kiungo cha mlima na tambarare

Mto Hingilili unateremka kutoka milimani na kufikisha maji yake katika mashamba ya umwagiliaji ya Gonja Maore. Wakulima wa juu wanautumia kwa bustani, migomba, maharage na tangawizi, na wakulima wa chini wanautegemea kwa mpunga na mahindi. Hali kama hiyo ipo Ndungu, ambako skimu ya umwagiliaji iliyojengwa kwa ushirikiano na Serikali ya Japani inapata maji yake kutoka milima hiyo hiyo. Msitu ukikatwa juu, maji hupungua chini wakati wa kiangazi na matope huongezeka wakati wa masika. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji kimoja cha milimani unaathiri kwa hiyo mavuno ya watu wasiohudhuria mkutano wa kijiji hicho.

Wapare walilijua jambo hili kabla ya sheria za sasa kutungwa. Walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mifereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana, na wakaweka utaratibu wa zamu uliosimamiwa na wazee. Kazi ya kuzibua mifereji na kukarabati ndiva ilifanywa kwa msaragambo, wito wa kazi ya pamoja ambao bado unaheshimika katika vijiji vingi vya Upare. Misitu midogo ya koo, inayoitwa mpungi, na misitu ya jando, inayoitwa mshitu, ililindwa kwa miiko, na mingi kati yake imesimama hadi leo katika maeneo ambayo yangekuwa mashamba. Mpango wa kisasa usioonesha ndiva, mfereji wala mpungi kwenye ramani yake unaacha nje mfumo wa usimamizi ambao tayari unafanya kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Lengo lake halina ubishi. Lakini katika mabonde membamba ya milimani, hesabu ya mita 60 ina uzito wa pekee. Kwa kila kilomita moja ya mto, mita 60 za kila upande ni hekta 12, sawa na takriban ekari 30. Mkulima ambaye shamba lake lina upana wa mita 50 kuanzia ukingoni analiona lote likiingia ndani ya eneo linalozuiwa.

Kifungu hicho hicho kinampa Waziri mwenye dhamana ya mazingira mamlaka ya kutoa miongozo kuhusu shughuli zinazoweza kufanyika katika maeneo hayo. Maana yake ni kwamba ipo nafasi ya mazungumzo kuhusu namna ya kulinda ukingo: aina ya miti itakayopandwa, mazao ya kudumu yasiyohitaji kutifua udongo, muda wa mpito kwa kaya zitakazohama, na uchotaji wa maji ya nyumbani. Mazungumzo hayo yana manufaa yakifanyika wakati wa kuandaa mpango, kwa kutaja kijito kwa jina lake na idadi ya kaya zinazokitegemea.

Jambo jingine linalohitaji sauti ya wenyeji ni usalama wa miteremko. Mnamo Novemba 2009, maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, wilayani Same, yaliua zaidi ya watu 20. Ramani inaweza kuonesha mwinuko wa kilima, lakini wakazi ndio wanaofahamu mahali ambapo ardhi hupasuka kila masika, chemchemi iliyohama na mteremko uliowahi kuporomoka enzi za babu zao. Taarifa za aina hii zikiingia katika mpango mapema, zinaweza kuamua wapi pasijengwe nyumba wala shule.

Historia inayofundisha

Gharama ya kuchelewa kwa mazungumzo inafahamika katika wilaya hii. Pori la Akiba Mkomazi lilianzishwa mwaka 1951. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani yake waliondolewa, na baadhi yao walifungua shauri lililofika hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo ilitoa hukumu yake mwaka 1999. Mwaka 2008 eneo hilo, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 3,200 na linalopakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi ya nchini Kenya, lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa. Leo ni makazi ya faru weusi na mbwa mwitu, na ni rasilimali muhimu ya utalii wa ukanda wa kaskazini. Hata hivyo, masuala ya mipaka, njia za mifugo na tembo wanaoingia mashambani bado yanajitokeza katika vijiji vya tambarare, na yanahitaji kujadiliwa kila mpango wa hifadhi unapohuishwa.

Katika ngazi ya Taifa, Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1991 chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji ilizunguka mikoani ikisikiliza wananchi katika mikutano ya hadhara. Kilichosemwa katika mikutano hiyo kilichangia mjadala uliozaa Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 na baadaye sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Januari 2019, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Magufuli, aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya maeneo ya hifadhi, na Kamati ya Mawaziri wanane wa kisekta ikapewa kazi ya kutafuta ufumbuzi. Kati ya vijiji na mitaa 975 iliyohusika, Serikali iliamua 920 ibaki. Machi 2025, Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Dodoma Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, Toleo la mwaka 2023, ambayo nayo ilipitia hatua ya kukusanya maoni ya wadau.

Idadi hiyo ya vijiji 975 inastahili kutafakariwa. Inaonesha ukubwa wa tatizo linalojitokeza pale kijiji kinapoandikishwa na mamlaka moja na hifadhi kutangazwa na mamlaka nyingine, bila ramani mbili hizo kuwekwa meza moja mbele ya watu wanaoishi hapo. Kurekebisha hali hiyo kulihitaji uamuzi wa ngazi ya juu kabisa ya Serikali. Mkutano wa kijiji uliofanyika kwa wakati ungeweza kuliona tatizo likiwa bado dogo.

Mwananchi anashiriki vipi?

Ibara ya 21 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inampa kila raia haki ya kushiriki katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ibara ya 27 inamwekea wajibu wa kulinda maliasili na mali inayomilikiwa kwa pamoja. Haki na wajibu huo vinakutana katika hatua za kupanga matumizi ya ardhi.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 na mwongozo wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi vinaweka utaratibu shirikishi wenye hatua sita. Kazi inaanza kwa maandalizi katika ngazi ya wilaya, inafuatiwa na tathmini shirikishi kijijini, kisha upimaji na uandaaji wa ramani ya matumizi yaliyopo, uandaaji wa mpango wenyewe, utekelezaji na utoaji wa hati za hakimiliki za kimila, na hatimaye mipango ya kina ya usimamizi. Mpango na sheria ndogo zake hupelekwa kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kabla ya kwenda Halmashauri ya Wilaya.

Iwapo sehemu ya ardhi ya kijiji inakusudiwa kuhamishiwa kwenye ardhi ya hifadhi au ardhi ya jumla, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinataka taarifa ichapishwe katika Gazeti la Serikali na kupelekwa Halmashauri ya Kijiji, ikieleza mahali, ukubwa na sababu. Wananchi wanaoguswa wana haki ya kuwasilisha hoja zao. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kuzingatia mapendekezo ya Mkutano huo. Aidha, uhamisho haukamiliki kabla ya suala la fidia kuafikiwa.

Kwa misitu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka hifadhi zisimamiwe kwa mpango ulioandikwa, na inatambua usimamizi wa pamoja kati ya Serikali na vijiji jirani. Kijiji kinachoingia katika makubaliano hayo kinapata majukumu ya ulinzi, na kina haki ya kujua kitanufaika vipi. Kwa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu kuundwa kwa Jumuiya za Watumia Maji. Jumuiya ya namna hiyo inaweza kuwaweka mkulima wa Bombo na mkulima wa Maore katika kikao kimoja, jambo ambalo mpango wa kijiji peke yake hauwezi kulifanya.

Maoni yenye uzito yanaandikwaje?

Wataalamu wanaopokea maoni hulazimika kuyapima na kuyaweka katika mpango. Kauli ya jumla kwamba wananchi hawautaki mpango, au kwamba wanaukubali, huwa ngumu kuifanyia kazi. Maoni yanayotaja mahali, msimu, watumiaji na pendekezo mbadala yana nafasi kubwa ya kuingizwa. Mathalani, badala ya kusema tu kwamba njia ya msituni isifungwe, wananchi wanaweza kueleza njia hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi, inatumiwa na vitongoji vipi, katika miezi gani, kwa kufuata kuni kavu au dawa za asili, na kupendekeza siku mbili za wiki ambazo kamati ya kijiji itasimamia matumizi yake.

Ni muhimu pia maoni yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, yasomwe kabla mkutano haujafungwa, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Kauli iliyotolewa kwa sauti na isiandikwe haina ushahidi miaka mitano baadaye. Mwananchi anayehitaji kuiona rasimu, ramani au muhtasari anaweza kuomba chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inamtaka mmiliki wa taarifa kujibu ndani ya siku 30.

Makundi mengine huachwa nje bila kukusudiwa. Wanawake ndio wachotaji wa maji na kuni, lakini mkutano ukiitishwa saa za kwenda mtoni au siku ya gulio, wengi wao hukosekana. Vijana wanaotafuta ardhi ya kuanzia maisha huona mikutano kuwa ya wazee. Wafugaji wanaohama kwa msimu huwa mbali wakati wa majadiliano na hurudi kukuta malisho yamepangiwa matumizi mengine. Wazee wa ndiva hawana vyeo rasmi, hivyo huenda wasialikwe. Viongozi wa vitongoji wanaweza kupunguza pengo hili kwa kutumia siku za msaragambo kusoma tangazo na kueleza rasimu, kwa kuwa siku hizo watu wa rika zote hukutana.

Wajibu wa watendaji

Mwaliko wa maoni unakuwa wa kweli pale mamlaka inapotimiza upande wake. Rasimu iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, hasa ikizingatiwa kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini. Ramani ielezwe kwa majina ya wenyeji ya mito, vilima na vitongoji, na mipaka itembelewe kwa miguu pamoja na wawakilishi wa vijiji vya pande zote mbili kabla ya kuchorwa rasmi. Muda wa kutoa maoni uzingatie umbali wa vitongoji vya milimani na ugumu wa barabara wakati wa mvua.

Hatua inayosahaulika mara nyingi ni mrejesho. Wananchi wanapaswa kurudishiwa orodha inayoonesha maoni gani yamepokelewa, yapi yameingizwa, yapi hayakuingizwa na kwa sababu gani. Mwananchi aliyepewa sababu anaweza kutokubaliana nayo na bado akaheshimu mpaka. Asiyejibiwa kabisa hana sababu ya kuhudhuria mkutano unaofuata, na mpango unaotegemea ulinzi wake unabaki bila mlinzi.

Penye mgogoro, sheria imeweka ngazi za kuupeleka. Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake, linasuluhisha migogoro ndani ya kijiji, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya linasikiliza mashauri yanayohitaji uamuzi. Njia hizo zipo na zitumike inapobidi, ingawa zinahitaji muda na fedha zaidi kuliko mkutano wa kijiji.

Wananchi wa Bombo na kata jirani wanashauriwa kufuatilia mbao za matangazo za vijiji na kata, kuuliza ofisi ya mtendaji kama kijiji chao kina mpango wa matumizi ya ardhi na unamalizika lini, na kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji unapoitishwa. Aliye na kumbukumbu ya mpaka, chemchemi, ndiva au mteremko hatari aipeleke ikiwa imeandikwa, ikitaja mahali husika kwa jina. Mpango ukishaidhinishwa, utaongoza matumizi ya mlima na maji yake kwa miaka mingi, na watakaoishi ndani ya mistari yake ni wao na watoto wao.